Tuombe Hata kwa Mambo Madogo



Mtu akichomwa na mwiba mguuni, halimi vizuri. Mwiba ni mdogo. Shamba ni kubwa. Lakini mwiba usipotolewa, shamba halilimwi. Ndivyo yalivyo mahangaiko madogo madogo ya kila siku.

Mimi si shehe wala padri. Ni mwalimu wa watu wazima. Nazunguka vijijini, nakaa na wanakisomo, nasikia wanayozungumza. Nimeona kwamba wengi wetu tunajua kuomba kwa mambo makubwa. Mvua ikichelewa, tunaomba. Mgonjwa akizidiwa, tunaomba. Lakini marejesho ya kikoba, paa linalovuja, neno kali tulilomwambia jirani, hayo tunalala nayo. Tunajigeuza kitandani mpaka jogoo anawika. Ukimwuliza mtu kwa nini hakuomba, hujibu, "Mungu ana kazi kubwa. Nisimsumbue kwa kuku aliyepotea."

Kwa maoni yangu jibu hilo si sahihi. Mzazi mwenye watoto saba hamfukuzi mmoja kwa sababu analilia mwiba. Katika sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake, chakula cha siku kimetajwa. Mwislamu naye ana sala tano zenye nyakati zake. Baada ya sala anaweza kuinua mikono akaomba dua kwa lugha yake mwenyewe. Katika Biblia tunasoma habari za Hana. Hakuwa na mtoto, na mke mwenzake alimsimanga. Aliomba moyoni, midomo ikicheza tu, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Katika Kurani, Nabii Yaakub alimpelekea Mungu huzuni yake ya kumkosa mwanawe Yusuf. Hayo yalikuwa majonzi ya nyumbani, wala hawakuona haya kuyasema.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa aibu. Mwaka mmoja nilikopa unga na sukari dukani kwa shilingi 8,000. Mwisho wa mwezi sikulipa. Nikaanza kulikwepa duka lile. Nilizunguka njia ya mtoni ili mwenye duka asinione. Kwa hiyo nilichelewa darasani mara nyingi. Jioni moja nilikuta mzee mmoja amekwisha ondoka. Alikuwa ametoka kitongoji cha mbali kwa miguu. Alinisubiri mpaka akachoka. Wiki iliyofuata hakuja. Deni langu dogo lilikuwa limemfukuza mtu darasani.

Kila usiku nilikuwa naomba, "Ee Mungu, niondolee shida zangu." Basi, nalala. Mungu alijua shida zangu, lakini mimi mwenyewe nilikuwa najificha. Usiku ule nililitaja jambo kwa jina lake. Nilisema, "Ee Mungu, nadaiwa 8,000. Ninazo 4,000. Naona haya kupita dukani. Nipe moyo wa kwenda kesho." Nilipokwisha sema, nikaona wazi kuwa shida haikuwa fedha peke yake. Ilikuwa aibu.

Asubuhi nilikwenda. Mwenye duka alinisema sana. Kisha akapokea nusu, tukapatana siku ya kumaliza. Nilikwenda pia kwa yule mzee, nikamwomba radhi. Alirudi darasani baada ya mavuno.

Basi, tuombeje?

Kwanza, taja jambo lenyewe. Usiseme "shida zangu". Sema "deni la dukani", au "viatu vya mtoto".

Pili, omba kwa ajili ya leo. Mzigo wa mwakani usiubebe usiku huu.

Tatu, uliza mikono yako ifanye nini. Ukiomba ugomvi na jirani uishe, kesho mwamkie.

Nne, shukuru, hata kwa jambo dogo lililokwisha.

Tena wewe sasa unajua kuandika. Chukua daftari lako. Andika tarehe na jambo moja linalokusumbua. Baada ya mwezi, soma tena. Utakuta mengine yamekwisha. Mengine utakuwa umeyasahau kabisa. Mengine bado yapo, na hayo ndiyo ya kuendelea kuyaombea na kuyatafutia shauri.

Lakini tusidanganyane. Si kila tunaloomba tunalipata. Kuku aliyepotea pengine harudi. Tena kuomba si kukaa. Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe. Malaria haingoji, na mtoto mdogo huzidiwa upesi. Omba mkiwa njiani. Na kama hofu inakunyima usingizi wiki nyingi, mwambie mtu unayemwamini, na mweleze mganga wa zahanati. Kumwambia mtu si kukosa imani.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jambo dogo ulilolificha leo ni ufa. Usiku huu, kabla ya kuzima taa, taja moja tu. Kesho asubuhi, litokee.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwalimu alizunguka njia ya mtoni? Nani aliumia kwa sababu hiyo?
2. Ni jambo gani dogo linalokunyima usingizi? Liandike kwa sentensi moja katika daftari lako.
3. Mikono yako inaweza kufanya nini kesho juu ya jambo hilo?