Chaguo la pili Marekani: Ujifunge mapema au usubiri?

Katikati ya Desemba barua pepe inaingia: chuo cha ndoto yako kimekukataa. Wiki chache tu mbele, dirisha jingine linafungwa. Je, ujifunge na chuo chako cha pili?

Kila msimu wa sikukuu, wanafunzi wa Kenya, Tanzania na kwingineko wanaoomba vyuo vya Marekani hukutana na swali hili. Jibu linategemea zaidi mfuko wa nyumbani kuliko alama zako.

Mfumo uko hivi

Vyuo vingi binafsi Marekani vina maombi ya mapema yenye ahadi, maarufu kama Early Decision. Unachagua chuo kimoja. Wewe, mzazi na mwalimu mshauri mnasaini kwamba ukikubaliwa unaenda, na maombi mengine yote unayafuta.

Awamu ya kwanza kwa kawaida hufungwa Novemba na majibu hutoka Desemba. Baadhi ya vyuo, kama Emory, Vanderbilt na New York University, vina awamu ya pili: inafungwa Januari, inajibiwa Februari. Hapo ndipo chaguo la pili linapoingia.

Chuo kinapata nini?

Uhakika. Aliyesaini hatakimbilia kwingine. Ndiyo maana asilimia ya wanaokubaliwa mapema mara nyingi huwa juu. Lakini usidanganyike na takwimu hizo: ndani yake wamo pia wanamichezo ambao makocha walishawachagua.

Wewe unatoa nini?

Nguvu ya kulinganisha bei. Anayesubiri maombi ya kawaida anaweza kuwa na barua tatu mkononi, kila moja na ufadhili wake, na ana hadi Mei 1 kuamua. Aliyesaini ana barua moja tu.

Hoja hii imefika hadi mahakamani. Agosti 2025, kesi ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho huko Massachusetts dhidi ya vyuo 32. Wadai wanasema mfumo huu unaua ushindani na kupandisha gharama kwa wanafunzi.

Kwa anayetoka nje ya Marekani, kuna mtego mwingine. Vyuo vingi huangalia kama unahitaji msaada wa fedha kabla ya kukukubali. Vichache haviangalii, hata kwa wageni. Bowdoin ni kimojawapo, na kina hiyo awamu ya pili.

Mlango wa kutokea upo

Ufadhili usipotosha kukuwezesha kusoma, unaweza kukataa nafasi na kuachiliwa. Shida ni muda. Ukiachiliwa Februari, madirisha mengi ya maombi ya kawaida yalishafungwa Januari. Kwa hiyo tuma maombi ya kawaida kwingine kabla, hiyo inaruhusiwa. Utayafuta endapo utakubaliwa na ufadhili ukatosha.

Sasa uamueje?

Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi. Ni sawa, ila kwanza ujue hiyo kenda inauzwa bei gani.

Kabla ya kusaini, kaa na wazazi mjibu mambo matatu. Moja, familia inaweza kulipa kiasi gani kwa mwaka, kwa miaka minne? Mbili, chuo hicho huwafadhili wageni kwa kiwango gani? Waandikie ofisi ya udahili uwaulize. Tatu, chuo kingine kikikupa ufadhili mkubwa zaidi Machi, utajuta?

Kama ada si tatizo na chuo unakipenda kweli, saini. Kama unategemea ufadhili na hujapata jibu la pili, subiri. Kukataliwa Desemba kunauma, lakini maumivu hayo yasikusainishe mkataba Januari.