Tusiamini jina la fishie, tuifungue

Lubumbashi ya leo inatuma mambo mingi kwa Excel. Kampuni ndogo zenye kufanya kazi ku mine zinatuma orodha ya wafanyakazi, shule inatuma pointi za watoto, kontable anatuma mishahara ya mwezi. Mbele, karatasi zilipita mukononi. Leo zinapita mu aplikasio za intaneti: fishie inaingia, kiisha mutu mwingine wa biro anaifungua bila kuuliza kitu. Njo pale kuko hatari. Maoni yangu ni hii: mwenye aplikasio ndiye anapashwa kuangalia fishie ku mulango. Tusimubebeshe sekretere ile kazi.

Mu fishie ya Excel munaweza kuwa makro, maana yake programu ndogo iliyoandikwa ndani ya fishie yenyewe. Makro si kitu kibaya. Kuko bakontable banazitumia kila mwezi kwa kuhesabu mishahara, na zinawapunguzia kazi mingi. Lakini programu ni programu: ile inajua kuhesabu inaweza pia kuita programu ingine kutoka intaneti na kuiweka mu ordinatere. Tarehe 23 Desemba 2015, katika Ukraine, watu zaidi ya 200 000 walikosa umeme kwa saa kadhaa. Wezi walikuwa wameingia mu kampuni za umeme miezi mbele, kwa njia ya fishie za Office zenye makro, zilizotumwa kwa watumishi. Sisi tunajua delestaje, lakini ile ya Ukraine ilipita mu fishie ya biro.

Aplikasio mingi zinaangalia paka herufi za mwisho za jina: xlsx inapita, xlsm inarudishwa. Ni sawa na mutu wa duane ku Kasumbalesa kusoma kile kimeandikwa ku mufuko, asiufungue. Jina, hata mutoto wa shule anaweza kulibadilisha. Tena fishie za zamani za xls, na zile za xlsb, zinaweza kubeba makro bila jina kuonyesha kitu.

Na kuangalia si kazi nguvu. Fishie ya xlsx ao xlsm kwa kweli ni zip: ndani kuko fishie ndogo ndogo. Serveri inaifungua, inatafuta ile inaitwa vbaProject.bin. Kama iko, basi makro iko, hata jina la inje liseme nini. Xls ya zamani haiko zip. Kwa ile kuko oletools, programu za bure za Philippe Lagadec, zenye kusoma aina zote mbili. Zinatafuta pia makro za Excel 4, za tangu 1992, zile hazikai mu vbaProject. Fishie iliyofungwa na neno la siri, serveri haiwezi kuisoma: irudishwe.

Kuko watakaosema: Microsoft ilianza kuzuia makro zenye kutoka intaneti mu 2022, na antivirusi iko. Ni kweli. Lakini ile kinga inafuata alama yenye Windows inaweka ku fishie wakati inashuka kutoka intaneti. Fishie ikipita ku kle USB, mara mingi alama inapotea. Na Office ya zamani, ile tunapeana mukono kwa mukono, haikupata mabadiliko hayo. Antivirusi nayo inatambua zaidi ubaya uliokwisha kujulikana. Inchi yetu iko na Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, na ni vizuri, lakini sheria haifungui zip.

Basi, kampuni, shule na hospitali, mbele ya kulipa mutu anayewatengenezea aplikasio, mumuulize: fishie yenye makro ikifika, itafanya nini? Jibu la muzuri ni hili: itairudisha na kumwambia mutumaji kwa maneno wazi, « Fishie hii iko na makro, iandike upya mu xlsx bila makro, kiisha utume tena ». Na kama aplikasio inahitaji paka hesabu, ichukue hesabu, fishie yenyewe isiende kwa mutu mwingine. Fundi akikosa jibu, makuta yabakie kwanza mufukoni.