Nyanya Ihesabuyo Dakika

Mshika mbili moja humponyoka. Methali hii yajulikana na wengi, lakini ni wachache wanaoikumbuka wakaapo mezani kufanya kazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi mmoja wa Italia, Francesco Cirillo, aliona kuwa akili yake yatangatanga hali vitabu vi mbele yake. Akajiuliza kama aweza kusoma kweli kwa dakika 10 tu. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitega. Ndiyo sababu utaratibu wake huitwa Pomodoro, maana yake nyanya kwa Kiitaliano.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtu huchagua kazi moja, hutega saa kwa dakika 25, wala haiachi kazi hiyo mpaka kengele ilie. Kisha hupumzika dakika 5. Baada ya vipindi vinne hupumzika dakika 15 hadi 30. Jambo jingine likimjia akilini, huliandika kwenye karatasi na kuendelea na kazi yake.

Karani ashikaye faili hili na kuacha lile, jioni humkuta hana hata moja lililokwisha. Na barua isiyojibiwa si karatasi tu: nyuma yake yuko mkulima angojaye jibu juu ya mbegu, na mvua haimngoji. Saa ya nyanya si lazima. Ya mkononi yatosha. Lililo lazima ni mtu kutimiza ahadi aliyojiwekea mwenyewe.