Mtaji wa Sekenke uko kwenye laini, si kwenye simu

Dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, ilianza kuchimbwa na Wajerumani mwaka 1909, na mwaka 1916 ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 huko Tabora. Mali ya aina hiyo hulindwa kwa mlinzi na sanduku la chuma. Leo mwenye duara, mwenye karasha na muuza chakula wa Shelui hupokea malipo kwa simu, na kufuli la mtaji wao ni namba ya siri ya tarakimu nne.

Tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008, hofu kubwa ya mfanyabiashara imekuwa kuibiwa simu. Hofu hiyo imeelekezwa pasipo. Salio halimo ndani ya simu. Limo katika kompyuta za kampuni, na fedha yenyewe iko benki kwenye akaunti ya amana. Simu ikitumbukia shimoni, mwenyewe hurudishiwa laini na kukuta salio lake. Hatari ni mlango huo wa kurudishiwa laini kufunguliwa na mtu mwingine.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, umepunguza mwanya huo lakini haujauziba. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja kidole hakikusoma, akakichukua tena, na laini ya pili ikasajiliwa kwa jina la mtu asiye na habari.

Hasara haiishii kwenye salio. Picha za leseni, orodha ya wadaiwa na maelewano na madalali huhifadhiwa kupitia intaneti kwenye kompyuta za kampuni za nje, hifadhi inayoitwa wingu. Mwenye hifadhi akisahau nywila, mara nyingi msimbo wa kuifungua hutumwa kwa namba ileile ya simu. Kwa hiyo anayeiteka laini anashika ufunguo wa kasha na wa daftari kwa pamoja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Wengi hudhani inazihusu benki tu. Mnunuzi wa madini au wakala anayepiga picha vitambulisho vya wateja na kuviacha kwenye simu yake naye ni mkusanyaji. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ingefanya vema kuwafikia hawa huko machimboni, kwani taarifa nyingi za watu wa chini zimo mikononi mwao.

Wakati huo mfanyabiashara asikae kusubiri. Apige *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba za matapeli azipeleke 15040. Aweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp na barua pepe, na laini ya biashara aitenge na ile anayoigawa kwa kila mtu.

Hatua hizi hazihitaji mtaji mpya. Mwenye duara hukagua magogo kabla ya kushuka shimoni. Laini inayobeba mauzo ya mwezi mzima nayo inastahili ukaguzi huo, na anayeuahirisha amekubali kufanya biashara bila kufuli.