Likizo ya Kwanza Bila Mrija

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Maneno hayo huyajua vyema askari aliyeacha pombe juzijuzi, akiwa kambini Jinja, naye sasa anajiandaa kwenda likizo kwao Mbale. Kambini alisaidiwa na gwaride, zamu na amri. Nyumbani hakuna mambo hayo. Huko kuna kaka, mashemeji na chungu cha malwa. Juma hili tutazame jinsi jamaa yake wanavyoweza kumlinda.

Tuanze na mwili. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula bila kumwona daktari. Saa chache baada ya kikombe cha mwisho mikono huweza kutetemeka, jasho likamtoka na usingizi ukamkimbia. Katika siku mbili tatu za mwanzo wengine hushikwa na kifafa, au huona vitu visivyokuwapo, na wako waliokufa kwa sababu hiyo. Zipo hospitali kubwa za serikali Jinja na Mbale, na huko Kampala hospitali ya Butabika ina kitengo cha watu wa namna hii. Kwenda huko si aibu, ni sawa na kutibiwa malaria.

Mwili ukitulia, hubaki chungu. Malwa ni pombe ya wimbi. Watu huketi wakikizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto huongezwa mara kwa mara. Bia katika bilauri huonekana ikipungua, lakini chungu hakimwonyeshi mtu amekunywa kiasi gani. Basi asemaye, "Nitafyonza kidogo tu, kwa heshima," hana kipimo cha hicho kidogo. Ni rahisi kuukataa mrija kuliko kuuachia ukishaingia kinywani.

Hatari huzidi mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, imbalu inapofunguliwa Mutoto karibu na Mbale. Katika sherehe hizo za Wagisu pombe ya wimbi ni ukarimu, na mwenye kuikataa huweza kudhaniwa ana kiburi. Kwa hiyo mkewe au ndugu yake atangulie kuwaeleza wazee kwamba daktari amemkataza pombe. Mzee akijua mapema hatampa mrija mbele ya watu. Naye apewe chai ya maziwa, na apewe kazi: kupokea wageni, kupanga viti, kugawa nyama. Mwenye kazi ana sababu ya kuondoka penye chungu.

Ziko pia nyumba ambazo mama hupata karo kwa kuuza malwa au waragi. Hatuwezi kumwambia aache leo, kisha watoto wale nini? Lakini miezi hii ya kwanza, kama inawezekana, biashara hiyo ifanyiwe kwa jirani au kwa dada, mbali na kitanda cha mgonjwa wake. Siku moja kabla ya mshahara, baba na mama waketi pamoja wagawe fedha: karo, chakula, nauli. Mama asimpekue mifuko mbele ya watoto, wala asimkumbushe kila asubuhi makosa ya mwaka jana.

Na akianguka siku moja? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Asijifiche. Amrudie daktari, amtafute mwenzake aliyeacha kabla yake, aanze kuhesabu siku upya.

Nanyi mliobaki naye kambini, akirudi kutoka likizo mwulizeni habari za watoto na shamba. Msimwulize alikunywa kiasi gani. Jioni ya siku hiyo mmoja wenu akae naye kwa chai, kwani jioni ndiyo saa aliyoizoea.