Mwari Afundwe na Habari ya Mkojo



Mwari tunamsinga, tunamfukiza udi, tunamfunda namna ya kumtunza mume. Habari ya mkojo hakuna anayeigusa. Kisha anaolewa Makole, Dodoma, mbali na mama na somo wake, na fungate haijesha anaungua akikojoa. Anadhani karogwa, au mume kamletea maradhi. Anaona haya kuuliza, anatuma dawa dukani.

Sisi tunasema somo amwambie mapema. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kiasi cha sentimita 4 tu, na tendo la ndoa husukuma vijidudu hadi kwenye kibofu. Kuungua peke yake si ushahidi wa usaliti. Anywe maji, asibane mkojo, akojoe baada ya tendo. Akiungua, aende Kituo cha Afya Makole apimwe kwanza. Dawa za kubahatisha huvifanya vijidudu kuwa sugu, na huenda tatizo ni jingine kabisa.

Maana si kila shida ya mkojo ni UTI. Mama anayevuja akikohoa, akicheka au akiinuka kwenye sijda, mara nyingi misuli ya nyonga imelegea kwa uzazi. Antibayotiki haimsaidii. Abane misuli kama anayezuia upepo, ahesabu hadi 5, alegeze. Mara 10, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3. Akihisi kitu kinashuka ukeni, amwone daktari.

Anayevuja mfululizo baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayalizibi, kwa kawaida huhitaji upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, imewatibu wengi bila malipo, hata nauli ikiwatumia kwa simu.

Na sala asiiache. Anayevuja mfululizo ajisafishe, avae pedi, atawadhe wakati ukishaingia, aswali bila kuchelewa, na udhu mpya kwa kila faradhi. Dini imempa wepesi. Haya tumemtwika sisi.

Masomo, ongezeni darsa hili. Nanyi mama wakwe, mkimwona mkwe anakwepa kukaa na watu, msimseme. Mpelekeni hospitali.

Allah atujaalie afya na stara. Amin.