Mnunuzi Mwenzako Si Adui Yako

Kila tukigusa habari za ploti kwenye kipindi, simu zetu hujaa ujumbe. Hadithi ni ile ile, majina tu ndiyo hubadilika. Mzazi ametuma pesa miaka na miaka, ameonyeshwa kiwanja, amepewa karatasi. Halafu siku moja anapigiwa simu: kuna mtu anachimba msingi pale kwako. Na huyo mtu naye ana karatasi zake.

Kwetu yalimfika mjomba, dereva wa basi hapa London, na kiwanja chake cha Mtwapa. Aliyemkuta pale ni mama mmoja anayefanya kazi Doha. Muuzaji ni yule yule, aliwauzia wote wawili akala huku na huku. Kesi ingali mahakamani. Lakini ukikaa na familia yetu jioni utadhani mwizi ni yule mama wa Doha. Ndiye anayelaaniwa, ndiye anayeitwa tapeli, na kuna binamu aliyependekeza watafutwe vijana wakauvunje ukuta wake. Muuzaji je? Kimya. Yule ni mtoto wa watu tunaowajua, tumekula harusi zao.

Mimi naona hapo ndipo tunapopotea. Yule mama alilipa kama mjomba alivyolipa. Pengine naye alikuwa akihesabu zamu za usiku ili atimize ile hesabu. Mkivunjiana kuta, anayefurahi ni mmoja tu, na hela zenu wote zimo mfukoni mwake.

Na sheria inasemaje? Wengi wetu tunadhani mwenye hatimiliki ndiye mshindi, mambo yamekwisha. Sivyo. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinaichukua hati kuwa ushahidi wa umiliki, lakini hati hiyo inaweza kupingwa ikiwa mwenyewe alihusika na ulaghai, au ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2013 kwamba mzizi wa hati ukitiliwa shaka, haitoshi kuipeperusha tu mbele ya jaji. Lazima uonyeshe ilivyopatikana tangu mwanzo. Na mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha Nyali, Mahakama ya Juu ilikataa kumlinda mnunuzi aliyejitetea kwamba alinunua kwa nia njema, kwa sababu ugawaji wa kwanza wa kiwanja chenyewe ulikuwa na kasoro. Yaani unaweza kuwa msafi kabisa na bado ukakosa ardhi.

Ndiyo maana nasema wanunuzi wawili wana kila sababu ya kuketi pamoja kabla ya kuanza kutukanana. Mjue nani alilipa lini, alimlipa nani, wakili gani aliandika mkataba, na hati zenu zimetoka wapi. Mahakama ikimpa mmoja kiwanja, mwenzake atabaki kumdai muuzaji pesa zake, na risiti za wote wawili ndizo zitakazoonyesha mchezo aliocheza. Mkienda kuripoti pamoja, hawezi tena kumnong'oneza kila mmoja kwamba mwenzake ni muongo.

Sasa tuje kwetu sisi tuliozaliwa huku. Wazee wakinunua, sisi pia tunachangia. Lakini tukiuliza nambari ya kiwanja tunaambiwa tumeingiwa na uzungu, hatuwaamini watu wetu. Nawaelewa. Walipofika huku, undugu ndio uliowapokea, ndio uliowapa pa kulala. Kumdai karatasi mtu wa kwenu kunauma. Ila mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo haikutungwa na Mzungu. Ni maneno ya wazee hao hao. Kwa hiyo kuuliza si dharau, bwana. Ni kufuata walichotufundisha.

Tuulize nini? Kwanza, je, uchunguzi rasmi umefanywa kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, na jina lililoko kwenye rejista ndilo la huyu anayeuza? Pili, mpima ardhi amekwenda kuonyesha mawe ya mipaka, na majirani wameulizwa? Tatu, mkataba umeandikwa, ukatiwa saini mbele ya mashahidi, na wakili ni wetu au ni wa muuzaji? Kama ni shamba, kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi kimepatikana? Mwisho, ambalo wengi hulisahau: mkishatia saini, wekeni zuio kwenye rejista mpaka jina lenu liingie. Kati ya kulipa na kusajiliwa kuna pengo la wiki au miezi, na ndani ya pengo hilo ndimo muuzaji wa mara mbili anamopitia.

Kuna watakaosema haya yote ni gharama. Ni kweli, wakili na mpima hawafanyi kazi bure. Lakini mjomba ameshalipa nauli za kwenda Mombasa kusikiliza kesi ikiahirishwa, na hajaweka hata tofali moja.

Nyumbani kwenu kuna ploti? Wikendi hii muulize mzee nambari yake. Akikasirika, mwache akasirike. Chai ikiletwa, muulize tena.